Jua Katika Chumba cha Kulala

Karani mmoja wa Tanga alijenga nyumba yake kwa jasho la miaka minane. Kuta zake zilikuwa za matofali ya saruji, paa lake la mabati, na madirisha yake ya vioo vipana, kama alivyoyaona katika nyumba za wakubwa. Chumba cha kulala alikiweka upande wa magharibi, kwa sababu upande wa mashariki, penye upepo wa bahari, aliutaka uwe sebule ya kupokelea wageni. Watu walimsifu, naye akafurahi. Lakini kaskazi ilipoingia, mnamo mwezi wa Januari, alitambua kwamba katika nyumba nzima hapakuwa na chumba kibaya kama kile alichokichagua kwa kulala.

Kila siku, tangu saa nane mchana hata karibu na saa kumi na mbili, jua lilisimama mbele ya dirisha lile na kumimina moto ndani. Godoro likawa kama lililoanikwa uani. Usiku ulipofika jua lilikuwa limekwisha kwenda zake, walakini chumba kiliendelea kutoa joto hata usiku wa manane. Mtoto wao, mwenye umri wa miezi saba, akatoka harara shingoni na mgongoni, akawa halali wala hanyamazi. Mwisho mkewe karani akatandika mkeka barazani, akalala huko na mtoto.

Barazani palikuwa na ubaridi mwema, lakini hapakuwa na chandarua, na mbu waletao malaria huuma usiku. Baada ya wiki tatu mtoto akashikwa na homa kali. Akapelekwa hospitali, akapimwa damu, ikaonekana kwamba ni malaria. Kwa kuwa alipewa dawa mapema, akapona.

Wengi hudhani kwamba chumba chenye joto ni taabu ndogo, jambo la kuvumilia tu. Sivyo. Mtoto mchanga hawezi kuupoza mwili wake vema kama mtu mzima, wala hawezi kujifunua nguo mwenyewe au kuondoka akaketi penye upepo. Mgonjwa naye huzidiwa. Tena chumba cha joto humfukuza mtu chini ya chandarua, na huko anakokimbilia ndiko waliko mbu.

Karani alipoona hayo alikwenda dukani akanunua pazia zito la rangi ya damu ya mzee, akalitundika ndani ya dirisha. Chumba kikawa giza kama pango, hata mtu aliyetoka nje alipapasa kutafuta kitanda. Lakini joto halikupungua sana. Karani akastaajabu, kwa kuwa aliona wazi kwamba jua haliingii tena.

Ikawa siku moja mama yake alikuja kutoka Pangani kumtazama mjukuu wake. Baada ya kuamkiana na kunywa chai aliingia katika chumba kile mnamo saa kumi, akasimama kidogo, akatoka anajifuta jasho.

"Mwanangu," akasema, "jua hili umelikaribisha ndani kwanza, ndipo ukalifungia mlango. Litatokaje?"

Karani akajibu, "Lakini mama, pazia ni zito. Hata mwanga haupiti."

"Mwanga haupiti, ndiyo. Hebu lishike hilo pazia."

Karani akalishika. Lilikuwa la moto kama nguo iliyotoka kupigwa pasi sasa hivi.

Basi hapa ndipo penye siri yote. Mwanga wa jua si kitu kimoja na joto tulivu la hewa. Huja kutoka mbali kama miali, nayo miali hiyo hupita katika kioo kwa urahisi kabisa. Kioo cheupe cha kawaida hupitisha zaidi ya sehemu nne katika tano za nguvu ya jua inayokipiga. Miali ikiisha kupita, hukutana na kitu: sakafu, kitanda, ukuta, au pazia. Kitu hicho huinywa miali, nacho kikapata moto. Hapo nguvu ile imegeuka kuwa joto, na joto litokalo katika kitu kama pazia au sakafu haliwezi kurudi nje kwa kupita katika kioo kama lilivyoingia. Kioo hulizuia. Hivyo kioo ni kama dema la samaki: njia ya kuingia ni pana, na njia ya kutoka haionekani.

Pazia la karani lilifanya kazi ya kuukamata mwanga, lakini liliukamata upande wa ndani wa kioo. Likageuka kuwa kama jiko lililotundikwa dirishani, likiipasha moto hewa iliyoligusa. Hewa ya moto hupanda. Basi ilipanda hata darini, na hewa nyingine ikaja chini ya pazia, ikapashwa moto vilevile, ikapanda nayo, mpaka jua lilipokuchwa. Giza lilikuwapo, ubaridi haukuwapo. Wala si jiko dogo. Mbingu ikiwa safi na jua likiwa juu, mraba wa mita moja ulioelekezwa jua hupokea nguvu ya karibu wati 1,000, yaani sawa na jiko dogo la umeme. Jua la alasiri limepungua kidogo, lakini dirisha la magharibi hulipokea usoni.

Wanafunzi waweza kulijaribu jambo hili wenyewe. Watafute makasha mawili ya namna moja, na vipande viwili vya kioo vya kuyafunika, na vipande viwili vya nguo iliyo sawasawa. Katika kasha la kwanza nguo itandazwe ndani, chini ya kioo. Katika kasha la pili nguo iwekwe juu ya kioo, imeinuliwa kidogo kwa vijiti ili hewa ipite chini yake. Makasha yote mawili yawekwe juani pamoja, yakae kwa muda wa saa moja. Kisha kioo kifunuliwe na mkono utiwe ndani, au kama shule ina kipimajoto, kitumike. Nguo ni ileile, jua ni lilelile, na kioo ni kilekile. Kilichobadilika ni mahali pa nguo tu. Aliyetia mkono katika kasha la kwanza huutoa upesi.

Mtu wa Ulaya aliyechunguza sana jambo la kioo na jua alikuwa Horace-Bénédict de Saussure, mwenyeji wa mji wa Geneva katika nchi ya Uswisi. Mwaka 1767 alianza kutengeneza masanduku ya vioo, moja ndani ya jingine, akayaweka juani apate kujua joto litafika wapi. Baadaye akafanya sanduku la mbao lenye kuta nene na vioo vitatu juu yake, na ndani ya sanduku hilo joto lilipita lile la maji yanayochemka. Tena alilichukua sanduku lake akapanda nalo mlimani, mahali penye hewa ya baridi, akaona kwamba ndani ya sanduku joto lilikuwa karibu sawa na lile la huko chini. Yafaa kulitafakari hilo. Hewa ya nje ilikuwa baridi, na sanduku lilikuwa na moto. Kilichotia moto hakikuwa hewa, bali ni jua lililopita kiooni. Ndivyo ilivyo hata katika nyumba za mahali pa juu kama Lushoto, ambako watu huona baridi nje na kutoka jasho katika chumba chenye dirisha kubwa la magharibi.

Mama yake karani hakuwa na habari ya masanduku ya Geneva. Alitaka apewe jamvi kuukuu, kamba ya usumba, na fito tatu. Akamwambia mwanawe apige misumari chini ya upenu wa paa, nje ya dirisha, akalitundika jamvi huko kwa kamba, likateremka hata likapita kizingiti cha chini cha dirisha kwa kadiri ya shibiri mbili. Ufito mmoja aliufunga katika pindo la chini liwe zito lisipeperushwe. Fito mbili nyingine aliziegemeza ukutani, zikalisukuma pindo hilo mbele, hata jamvi likasimama mbali na ukuta, juu kwa shibiri moja na chini kwa shibiri tatu. Kisha akalitoa pazia jekundu, akafungua vioo vyote viwili.

Kila sehemu ya kazi ile ina sababu yake. Jamvi liko nje, kwa hiyo miali ya jua hulipiga kabla haijafika kiooni. Likipata moto, moto wake huchukuliwa na upepo wa nje, wala hauingii kitandani. Liko mbali na ukuta, kwa hiyo hewa yenye joto hupanda kati ya jamvi na ukuta na kwenda zake. Limeteremka chini kupita kizingiti kwa sababu jua la magharibi halitoki juu ya kichwa. Huja limeinama, na kadiri saa zinavyokwenda huzidi kuinama, hata saa kumi na moja linachungulia chumbani kama mtu aliyesimama uani. Upenu wa paa wafaa kwa jua la adhuhuri, lakini kwa jua la saa kumi na kuendelea upenu wa kawaida hausaidii sana. Dirisha la magharibi lataka kitu kinachosimama mbele yake. La mashariki nalo ni vivyo hivyo asubuhi, ila asubuhi kuta na hewa huwa bado na ubaridi wa usiku, ndiyo maana watu hawalilalamikii sana.

Madirisha ya kaskazini na ya kusini hayana taabu kubwa hivyo katika nchi hizi. Jua la Tanga hupita karibu juu ya kichwa, mara upande wa kaskazini mnamo mwezi wa Juni, mara upande wa kusini mnamo mwezi wa Desemba, na upenu wa kadiri hulikinga. Fundi mwenye akili huuliza mahali jua linapochwa kabla hajachimba msingi. Karani hakuuliza, na nyumba haigeuzwi kama kitanda.

Sasa habari ya upepo, maana hapa wengi hukosea. Yule anayesikia kwamba jua lizuiwe nje hupigilia mbao juu ya dirisha, au hufunga turubai likabana pande zote. Jua halipiti, ni kweli, lakini hata upepo haupiti. Nyumba ya karani yapata upepo wa bahari kutoka mashariki wakati wa mchana, na upepo hauingii katika mlango wa mbele ikiwa nyuma hauna pa kutokea. Dirisha la magharibi ndilo pa kutokea. Likifungwa, sebule nayo yapoteza upepo wake. Kwa hiyo katika miji ya pwani, ambako hewa ya nje kwa kawaida haina joto kupita ya ndani, dawa ni kivuli pamoja na dirisha lililo wazi, tena lenye wavu wa waya mwembamba wa kuzuia mbu. Katika nchi kavu za bara, kama Dodoma, mambo ni mengine. Huko mchana hewa ya nje huwa ya moto na usiku ikapoa sana. Mwenye nyumba wa huko hufanya vema kufunga dirisha lake mchana, pamoja na kivuli chake nje, na kulifungua jioni ili ubaridi wa usiku uingie katika kuta.

Watu wa pwani wa zamani waliyajua haya. Katika Mji Mkongwe wa Unguja madirisha mengi ya orofani yana milango ya mbao iliyotengenezwa kwa vibao vyembamba, vimelazwa mshazari kama magamba ya samaki. Jua likija kutoka juu hukutana na mgongo wa kibao. Upepo hupita katikati. Na aliye ndani huona njia asionekane. Huko Lamu nyumba za kale zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na njia ni nyembamba hata nyumba moja huitilia nyingine kivuli. Katika Misri, mji wa Cairo, madirisha yalifunikwa kwa kimia cha mbao zilizochongwa, kiitwacho mashrabiya. Watu waliweka ndani yake mitungi ya maji, upepo ukipita ukayapoza maji na maji yakaupoza upepo. Na wengi husema kwamba jina lenyewe latokana na neno la Kiarabu la kunywa, asili moja na sharubati.

Katika Bara Hindi watu walitundika milangoni na madirishani vizuizi vilivyosukwa kwa mizizi ya majani yenye harufu nzuri, wakavimwagia maji mara kwa mara wakati wa kiangazi. Upepo mkavu ukipita humo hukausha maji, na maji yakikauka huondoka na joto. Hila hiyo ni njema mahali pakavu. Mtu wa Tanga au Mombasa akiijaribu wakati wa kaskazi atajipatia jamvi lililooza na chumba chenye unyevu, kwa kuwa hewa ya pwani imekwisha kushiba maji.

Wataalamu wa Wizara ya Nishati ya Marekani wameandika habari zinazokubaliana na maneno ya yule mama wa Pangani. Husema kwamba kitambaa kigumu kilichotandazwa nje juu ya dirisha la magharibi chaweza kupunguza joto la jua linaloingia hata kufikia sehemu 77 katika 100. Pazia la ndani lenye rangi ya kadiri na mgongo mweupe hupunguza kama sehemu 33.

Hata hivyo si kila mtu aweza kutundika kitu nje. Mpangaji wa chumba cha ghorofani huenda hana ruhusa ya kupigilia msumari. Huyo ana pazia la ndani tu, na kwake jambo kubwa ni rangi. Benjamin Franklin wa Marekani alieleza katika barua ya mwaka 1761 jinsi alivyotandaza vipande vya nguo vya rangi mbalimbali juu ya theluji siku ya jua. Kipande cheusi kilipata moto kikazama sana. Cheupe kikabaki juu. Nyeusi hunywa miali, na nyeupe huirudisha. Mwali uliorudishwa na nguo nyeupe, ukiwa bado ni mwanga, waweza kupita tena kiooni na kutoka nje. Basi pazia la ndani na liwe jeupe upande unaotazama jua, na liwekwe karibu sana na kioo, limeshikamana juu na kando, ili hewa yenye joto isipate njia ya kumwagika chumbani. Halitashinda jamvi la nje, lakini litalishinda lile jekundu la karani kwa mbali sana.

Kuna kosa jingine dogo ambalo huharibu kazi nzuri, nalo ni kuchelewa. Watu huteremsha jamvi wanapoona joto, yaani saa tisa au saa kumi. Wakati huo sakafu na ukuta vimekwisha kunywa jua la kutosha kuwatesa mpaka usiku. Jamvi literemshwe kabla jua halijafika dirishani, punde tu baada ya adhuhuri, na liviringishwe juu jua likiisha kuchwa, ili chumba kipumue. Mkewe karani aliifanya kazi ile kuwa ya binti yake mkubwa: akitoka shule tu, kabla ya kula, ateremshe jamvi.

Dirisha lenye kivuli haliponyi kila kitu. Bati lisilo na dari huleta joto lake kutoka juu, hasa saa sita na saa saba, na kwa joto hilo jamvi la dirishani halina neno. Wala jamvi lisitundikwe karibu na jiko au taa, maana makuti na miyaa hushika moto upesi. Lakini chumba cha karani, siku ile ya kwanza, jua lilipokuchwa, hakikuwa tena kama tanuri. Mtoto alilala ndani, chini ya chandarua, akaamka mara moja tu kunyonya. Harara ikakauka baada ya siku chache.

Jamvi lenyewe halidumu. Masika ikija hunyesha juu yake, likafanya ukungu, na jua likamaliza yaliyobaki. Karani alipanda mpapai na mtambaazi wa makarakara upande ule, lakini mimea hukua kwa wakati wake. Kwa hiyo kila mwaka mwezi wa Novemba, kabla kaskazi haijaanza kuvuma, barua huenda Pangani, na jamvi jipya huja juu ya basi, limeviringishwa na kufungwa kwa kamba ya usumba.